Kesi Moja, Ofisi Tatu: Mshtakiwa Mgeni wa Brooklyn Park na Haki Zake

Akikamatwa mtu wa kwetu Brooklyn Park, simu za usiku huo karibu zote huuliza jambo moja: atatoka lini? Si swali baya. Mtu ana watoto, ana shifti ya alfajiri, na jela ya Kaunti ya Hennepin iko katikati ya Minneapolis. Lakini kutoka ndiyo sehemu nyepesi ya kesi. Kwa asiye raia, shtaka la jinai katika jimbo la Minnesota huamuliwa na ofisi tatu ambazo hazingojani wala haziulizani: mahakama, uhamiaji, na idara inayosema nani aruhusiwe kumhudumia mgonjwa au mzee. Unaweza kushinda kwenye ya kwanza ukashindwa kwenye mbili zilizobaki, na wengi hulijua hilo wakati wameshatia saini.

Brooklyn Park yenyewe si mji mkubwa. Sensa ya 2020 iliwahesabu watu zaidi ya 86,000, wakiwemo wengi wenye asili ya nchi za mbali. Waliberia ndio maarufu zaidi, lakini Wakenya, hasa Wakisii, wamejenga hapo makanisa, biashara na mitandao ya harambee. Sehemu kubwa yao hufanya kazi katika nyumba za wazee na za watu wenye ulemavu. Kazi hiyo ndiyo inayofanya shtaka dogo liwe zito, na nitalirudia jambo hilo baadaye.

Sheria ya Minnesota huyapanga makosa kwa madaraja manne. La chini kabisa, kama tiketi ya kawaida ya mwendo kasi, si jinai: faini haizidi dola 300, jela hakuna, na wakili wa umma pia hakuna. Linalofuata ni kosa dogo, ukomo wake siku 90 jela na faini ya dola 1,000. Kisha kosa la kati, siku 364 na dola 3,000. Juu ya yote ni jinai kubwa, ile vijana wetu wanayoiita feloni, ambayo kifungo chake kinaweza kupita mwaka.

Siku 364 hazikuandikwa kwa kuteleza kalamu. Mpaka 2023 kosa la kati lilibeba mwaka mzima. Bunge la jimbo likapunguza siku moja, kwa sababu sheria ya uhamiaji ya shirikisho imeuweka mwaka mmoja kuwa mpaka. Mtu aliyehukumiwa mwaka mmoja kwa wizi, hata kama kifungo kimesimamishwa na hakulala jela usiku hata mmoja, huhesabiwa kuwa ametenda jinai nzito ya kiuhamiaji, na karibu kila njia ya kujitetea asifukuzwe humfungia. Siku hiyo moja imeokoa familia ambazo hazitajua kamwe ziliokolewa na nini.

Daraja peke yake halitoshi, kwa maana kila shtaka lina viungo vyake, na mwendesha mashtaka hana budi kuvithibitisha vyote pasipo kuacha shaka ya msingi. Mfano ulio karibu nasi ni wa Mohamed Noor, polisi wa Minneapolis mzaliwa wa Somalia aliyemuua kwa risasi Justine Ruszczyk Damond mwaka 2017. Mwaka 2019 alipatikana na hatia ya mauaji ya daraja la tatu, akapewa miaka 12 na nusu. Septemba 2021 Mahakama Kuu ya jimbo ikaifuta hatia hiyo: daraja la tatu, ilisema, ni la mtu anayehatarisha maisha ya watu ovyo bila kumlenga yeyote, na Noor alimlenga mtu mmoja. Likabaki kosa la kuua bila kukusudia, miezi 57. Tukio ni lile lile na risasi ni ile ile. Kilichobadilika ni usomaji wa maneno ya shtaka. Kwa hiyo hati ya mashtaka isomwe yote, na namba ya kifungu iandikwe mahali kabla ya kuanza kumpigia simu kila ndugu.

Mashtaka yanayowapata watu wetu zaidi huanzia barabarani. Tangu 1 Oktoba 2023 Minnesota inatoa leseni ya udereva bila kuuliza hali ya uhamiaji, na hilo limepunguza kundi kubwa la kesi za kuendesha bila leseni. Zimebaki za kukosa bima, za kuendesha wakati leseni imesimamishwa, na ile inayovunja nyumba nyingi, kuendesha ukiwa umelewa. Kiwango cha kilevi mwilini ni 0.08. Ukipimwa 0.16 au zaidi, ukiwa na mtoto wa chini ya miaka 16 garini, au ukiwa na tukio jingine ndani ya miaka 10, kosa hupanda daraja. La nne ndani ya miaka hiyo 10 ni feloni. Kukataa kipimo cha pumzi nako ni kosa la jinai, tena zito kuliko kosa la kwanza la kawaida la ulevi. Kuna haki moja hapo ambayo wachache wanaijua. Tangu uamuzi wa Friedman wa 1991, dereva wa Minnesota ana haki ya kupewa simu na muda wa kutosha kumtafuta wakili kabla hajaamua kupimwa au kukataa. Muda huo una kikomo, kwa hiyo utumie kumtafuta wakili, usiutumie kumwomba askari msamaha.

Na wale wanaosema "sikuendesha, nililala tu garini baada ya sherehe" wajue kuwa sheria inamshika pia mtu aliye na gari mkononi mwake. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Minnesota ilithibitisha hatia ya mtu aliyekutwa amelala ndani ya gari lake kwenye maegesho ya nyumba anayoishi, ufunguo ukiwa karibu, injini haijawashwa. Binafsi naona uamuzi huo ni mkali kupita kiasi. Ndiyo sheria iliyopo, hata hivyo.

Kesi za nyumbani ndizo zinazotushangaza kuliko zote. Kifungu cha 176 cha sheria ya mwenendo wa jinai ya Kenya kinairuhusu mahakama kuhimiza mapatano katika shambulio la kawaida na makosa mengine ya kibinafsi yasiyo feloni. Tanzania nayo ina kifungu cha namna hiyo. Mtu amekua akiona wazee wakikaa, fidia ikitolewa, mlalamikaji akiondoa malalamiko na faili likifungwa. Akifika Brooklyn Park anadhani mkewe akisema amesamehe, mambo yameisha. Hayaishi. Kesi inaitwa Jimbo la Minnesota dhidi ya fulani. Mke ni shahidi, hana mamlaka ya kuifuta. Polisi anaweza kukamata bila hati ndani ya saa 72 akiwa na sababu ya msingi, hata kama aliyepiga simu amebadili mawazo. Tena si lazima kofi litue: kitendo kilichokusudiwa kumtia mtu hofu ya kuumizwa papo hapo kinatosha. Kumnyang'anya mwenzako simu asipige 911 ni shtaka la peke yake, la daraja la kati.

Kisha inakuja amri ya kutowasiliana, ambayo jaji anaweza kuitoa siku ya kwanza kabisa. Mshtakiwa harudi nyumbani, hapigi simu, hatumi ujumbe, hamtumi mchungaji wala shemeji. Mke akimkaribisha chakula naye akaenda, aliyevunja amri ni mume, si mke. Jaji peke yake ndiye anayeiondoa. Kwa asiye raia, hatia ya ukatili wa nyumbani ni sababu ya kufukuzwa, na kuvunja amri ya ulinzi kunaweza kuwa sababu nyingine inayosimama yenyewe, hata kwa mwenye kadi ya kijani. Wazee wetu wanaokimbilia kupatanisha wana nia njema, lakini kikao kimoja cha upatanisho ndani ya muda wa amri hiyo kinaweza kumzalia ndugu yao kesi ya pili.

Wizi una ngazi zake: mali isiyozidi dola 500 ni kosa dogo, hadi dola 1,000 ni la kati, kupita hapo ni feloni. Watu hufikiria duka kubwa na mashine za kujilipia. Mara nyingi zaidi ya inavyodhaniwa, wizi huwa umo katika karatasi ya saa za kazi, mtu akiandika saa nane kwa mgonjwa aliyekaa naye saa tano. Bili hiyo hulipwa na serikali, na kesi inaweza kuhamia kwa waendesha mashtaka wa shirikisho.

Miraa ni mtego wa Wakenya hasa. Kule Meru ni zao halali la biashara, ila kathinoni iliyomo katika majani yake mabichi iko tangu 1993 katika daraja la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku na Marekani, safu moja na heroini. Bangi nayo ina sura mbili. Jimbo limeiruhusu tangu 1 Agosti 2023 kwa wenye miaka 21 na zaidi, serikali ya shirikisho bado inaikataza, na uhamiaji ni wa shirikisho. Kukiri tu mbele ya afisa wa uhamiaji kwamba umevuta, bila hukumu yoyote, kunaweza kukuzuia kupata hati.

Kosa jingine linalozaliwa kwa woga ni kumtajia polisi jina la uongo. Ni kosa dogo. Likiwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya mtu mwingine halisi, linakuwa la kati. Kunyamaza hakuna adhabu. Uongo unayo.

Na kunyamaza nako kuna namna yake. Uamuzi wa Miranda wa 1966 unawalazimu polisi kukueleza haki zako kabla ya kukuhoji ukiwa kizuizini. Lakini Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mwaka 2010 kwamba kukaa kimya tu hakutoshi kusimamisha mahojiano. Lazima useme kwa kinywa kuwa unaitumia haki hiyo. Sentensi mbili zinatosha: sitajibu maswali, nataka wakili. Zisemwe wazi, bila "labda" na bila "nafikiri". Kwa malezi yetu hili ni gumu. Tumefundishwa kuwa mtu mwema hujieleza kwa mkubwa, na kwamba kunyamaza ni kiburi au kukubali kosa. Ndani ya chumba cha mahojiano, adabu hiyo hugeuka ushahidi. Tena polisi wa Marekani wanaruhusiwa kukudanganya kuhusu ushahidi walionao, jambo lililokubaliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1969. Wakisema mwenzako amekiri, huenda hajafungua mdomo.

Minnesota ina kinga moja bora kuliko majimbo mengi: tangu kesi ya Scales ya 1994, mahojiano ya mtu aliyezuiliwa lazima yarekodiwe. Sheria ya jimbo pia inamtaka polisi amtafutie mkalimani anayefaa mtu aliyekamatwa asiyejua Kiingereza vizuri, na mahakamani mkalimani halipwi na mshtakiwa. Ugumu wetu ni fahari. Mtu anaona aibu kuomba mkalimani ilhali amesoma kwa Kiingereza hadi chuo. Kiingereza cha darasani si cha hati ya mashtaka. Omba. Na simu za jela zinarekodiwa; anayedhani Kiswahili au Ekegusii ni maficho akumbuke kuwa mkalimani anaajirika pande zote mbili za kesi.

Barabarani haki ni pana kuliko watu wanavyodhani. Dereva atatoa leseni na bima, basi. Hana wajibu wa kukubali gari lipekuliwe. Uamuzi wa Fort wa 2003 unamkataza polisi wa Minnesota kugeuza kosa la trafiki kuwa msako, au kuomba ruhusa ya kupekua, bila dalili mahsusi ya kosa jingine. Na tangu 2023 harufu ya bangi peke yake haitoshi kupekua gari. Hata hivyo haki hizi hudaiwa mbele ya jaji, si pembeni mwa barabara kuu. Mji jirani wa Brooklyn Center una kumbukumbu ya 11 Aprili 2021, Daunte Wright, kijana wa miaka 20, alipouawa baada ya gari lake kusimamishwa kwa ajili ya stika ya usajili iliyopitwa na muda. Polisi waligundua pia kuwa alikuwa na hati ya kukamatwa. Askari aliyemuua, Kim Potter, aliyesema alidhani ameshika kifaa cha umeme badala ya bastola, alihukumiwa miezi 24. Hati ya kukamatwa hutolewa pia mtu anapokosa tarehe ya mahakama, na barua ya tarehe hiyo huenda kwenye anwani iliyo katika faili. Ukihama nyumba, iambie mahakama kabla ya kuiambia posta.

Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mtu afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Minnesota inasema saa 36, bila kuhesabu siku ya kukamatwa, Jumapili wala sikukuu, hivyo aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kihalali kukaa hadi Jumatatu saa sita mchana, ingawa jaji lazima awe ameridhika ndani ya saa 48 kwamba kuna sababu ya msingi ya kumshikilia. Kwa upande wa dhamana Minnesota ina ukarimu ambao Mtanzania atausikia kwa mshangao. Kwao mashtaka kama mauaji na utakatishaji fedha hayana dhamana. Hapa katiba ya jimbo inaruhusu dhamana kwa kila kosa, hata mauaji, ingawa kiasi kinaweza kuwa kile ambacho hakuna ukoo unaoweza kukichanga.

Wakili wa umma ni haki ya asiye na uwezo tangu kesi ya Gideon ya 1963, na Minnesota ina fahari yake humo: mwanasheria mkuu wake wa wakati huo, Walter Mondale, ndiye aliyewaongoza wenzake wa majimbo zaidi ya 20 kuiunga mkono haki hiyo. Watu wetu huwadharau mawakili hawa kwa kuwa hawalipwi na mteja. Ni dharau isiyo na msingi. Wanazijua mahakama za Hennepin kuliko mawakili wengi wa kukodi. Udhaifu wao ni mzigo, uliowafanya mwaka 2022 wafike ukingoni mwa mgomo. Wakili mwenye mafaili mengi hatakuuliza hali yako ya uhamiaji mara tatu. Mwambie wewe, siku ya kwanza.

Ni vizuri pia kujua nani anakushtaki. Makosa madogo huendeshwa na wakili wa mji, feloni na mwendesha mashtaka wa kaunti, na mambo ya shirikisho na serikali kuu. Hawa wawili wa mwisho wanaweza kukushtaki kwa tendo lile lile bila kuvunja kanuni ya kutoshtakiwa mara mbili. Brooklyn Park ililiona hili kwa uchungu baada ya 14 Juni 2025, Melissa Hortman, Spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi la jimbo, na mumewe Mark walipouawa nyumbani kwao. Mtuhumiwa, Vance Boelter, alifunguliwa mashtaka katika mahakama ya shirikisho na pia Hennepin, na Agosti mwaka huo akakana yale ya shirikisho. Minnesota ilifuta adhabu ya kifo mwaka 1911; serikali ya shirikisho bado inayo. Hata katika kesi ya namna hiyo, mshtakiwa anapewa wakili na kuhesabiwa hana hatia hadi ithibitike.

Anayekana kosa anaweza kudai kesi isikilizwe ndani ya siku 60. Wakili wake anaweza kuomba ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria utupwe. Jopo la raia ni la watu 12 kwa feloni na sita kwa makosa ya chini, na lazima wote wakubaliane. Lakini kesi nyingi hazifiki huko. Huishia kwenye makubaliano ya kukiri, na hapo ndipo ofisi ya pili inapoingia.

Minnesota ina njia mbili za huruma zinazofanana kwa nje. Katika ya kwanza, mshtakiwa anakiri, jaji hasajili hatia, na baada ya muda wa uangalizi shtaka linafutwa. Katika ya pili, kesi inaahirishwa bila mtu kukiri chochote, na akitimiza masharti inafutwa. Kwa sheria ya jimbo zote mbili huishia bila hatia. Kwa uhamiaji, ile ya kwanza ni hatia kamili, kwa kuwa sheria ya shirikisho inatazama mambo mawili tu: umekiri, na umewekewa adhabu au kizuizi fulani. Kufutwa baadaye hakubadilishi kitu. Hata ufutaji wa moja kwa moja wa kumbukumbu, ulioanza kutumika Minnesota 1 Januari 2025, hauwafungi maafisa wa uhamiaji. Ndiyo maana kesi ya Padilla ya 2010 ni muhimu. José Padilla, mzaliwa wa Honduras aliyetumikia jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam na kuishi Marekani kihalali zaidi ya miaka 40, aliambiwa na wakili wake asihofu kuhusu kufukuzwa. Akakiri, na njia ya kumfukuza ikafunguka. Mahakama ya Juu ikaamua kuwa wakili wa jinai anawajibika kumweleza mteja hatari hiyo. Jaji naye hugusia jambo hilo kabla ya kupokea kukiri, kwa swali la haraka ambalo watu hujibu "ndiyo" kwa heshima tu. Na ndani ya mahakama ya uhamiaji yenyewe serikali haikupi wakili.

Ofisi ya tatu haina jaji wala jopo. Idara ya Huduma za Jamii ya Minnesota huchunguza kumbukumbu za kila anayefanya kazi ya uangalizi, na ina mamlaka ya kumzuia kazini miaka 7 kwa makosa mengi madogo, 10 kwa ya kati, 15 kwa feloni, na maisha yote kwa baadhi. Tena haihitaji hukumu. Inatosha ushahidi uoneshe kuwa yaelekea zaidi kwamba tendo lilitendeka, kipimo cha chini sana kuliko cha mahakama ya jinai. Kwa hiyo muuguzi msaidizi aliyefutiwa kesi ya shambulio anaweza bado kupokea barua ya kumwondoa kazini. Barua hiyo inaeleza jinsi ya kuomba uamuzi uangaliwe upya na siku zilizotolewa, nazo ni chache. Wengi huiacha mezani wakidhani ni makosa ya kompyuta, kwani si wameshashinda?

Sasa neno kwa wenye vikundi, makanisa na kamati za ukoo huko Brooklyn Park. Fedha mnazochanga usiku wa kwanza kwa kawaida huenda kwa mdhamini wa kibiashara, ambaye ada yake, mara nyingi asilimia 10 ya dhamana, hairudi hata kesi ikifutwa. Zikilipwa mahakamani moja kwa moja na mshtakiwa akahudhuria kila tarehe, hurudi, zikipunguzwa labda na faini. Lipieni mahakama pale kiasi kinapofikika, na sehemu ya mchango itengwe kumlipa mwanasheria wa uhamiaji asome makubaliano kabla ndugu yenu hajakiri. Asiyeweza kulipa aulizie Immigrant Law Center of Minnesota kwa upande wa uhamiaji, na Legal Rights Center ya Minneapolis kwa upande wa jinai. Fanyeni hivyo kabla ya saini. Baada yake, mwanasheria hana mengi ya kufanya.